Taekwondoka, ondoka

Daladala ya Tandika ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Binti mmoja alisimama karibu na konda, begi kifuani, suruali nyeupe ikichungulia chini ya dera. Kwenye begi kulikuwa na maandishi ya Kikorea na chini yake neno TAEKWONDO kwa herufi kubwa nyekundu. Konda hakuwa na muda wa kusoma. "We dada karate, ingia ndani! Karate, nauli yako!" Binti akatoa nauli, akasogea, hakusema neno.

Kwa konda, na kwa wengi wetu tuliokulia kwenye vibanda vya video, yeyote anayerusha teke akiwa na nguo nyeupe ni karate. Bruce Lee karate, Jackie Chan karate, ingawa walichokuwa wakifanya wawili hao hakikuwa karate hata kidogo. Simlaumu konda. Lakini nilishuka na swali ambalo halikuniacha mpaka nyumbani: kama yule binti si "karate", ni nani? Mcheza karate tunamjua, bondia tunamjua. Mtu wa taekwondo, mchezo wa Kikorea wa mateke na ngumi, tunamwitaje kwa Kiswahili?

Ukiwauliza watu wa michezo, baadhi watakupa neno lililokwisha kuzoeleka katika Kiingereza: taekwondoka. Limeundwa kwa kumtazama jirani. Wa judo ni judoka, wa karate ni karateka, basi wa taekwondo awe taekwondoka. Hesabu inaonekana imekaa sawa. Haijakaa.

Tuanze na sikio. Litamke polepole mbele ya Mswahili yeyote: taekw-ondoka. Mwisho wake ni amri. Ukitaka wingi ukasema "wataekwondoka", umebakiza hatua moja tu kufika "wataondoka", na mama anayepika huku redio ikiongea pembeni atajiuliza hao wanamichezo wanakwenda wapi. Jirani yake wa pili ni "dondoka", jambo ambalo mtu wa mchezo huu hutumia miaka akijifunza kuliepuka. Najua utani si hoja. Ila neno geni huingia kwetu kwa kupitia sikio, na sikio nalo lina haki ya kukataa.

Hoja yenyewe iko Korea. Hiyo "ka" ya judoka na karateka ni ya Kijapani. Huandikwa kwa alama iliyotoka China, 家, ambayo maana yake ya msingi ni nyumba, na kwa upana wake ni ukoo, watu wa paa moja. Ikibandikwa nyuma ya jina la fani, inamtaja mtu aliyeifanya fani hiyo maskani yake. Wakorea nao waliirithi alama hiyohiyo, ila wao wanaisoma "ga": mwanamuziki ni eumakga, mtunzi wa riwaya ni soseolga. Kwa hiyo hata kama Mkorea angependa kumpachika mtu wa taekwondo mkia huo, angesema taekwondoga. Na hasemi hivyo. Anasema taekwondoin, na hiyo "in" ni alama 人, yaani mtu. Mtu wa taekwondo, basi.

Taekwondoka, kumbe, ni mwili wa Kikorea uliopachikwa mkia wa Kijapani. Kwa mataifa mengine ingekuwa kasoro ndogo ya wanaisimu kuchekea kwenye chai. Kati ya Korea na Japani kicheko hicho ni kigumu kutoka.

Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Mwaka 1940 utawala ulianza kutekeleza amri iliyowasukuma Wakorea kuchukua majina ya ukoo ya mtindo wa Kijapani, na ndani ya miezi michache walio wengi walikuwa wamekwisha kubadili, kwa hofu ya yale yaliyomsubiri asiyebadili shuleni na kazini. Fikiria Mngoni au Mluo anaambiwa jina la babu yake haliandikiki tena kwenye daftari la serikali.

Lakini mfano ulio karibu na roho zetu, sisi watu wa nchi za wakimbiaji, ni wa miaka minne kabla ya hapo. Agosti 1936, mjini Berlin, marathoni ya Olimpiki ilichukuliwa na kijana aliyekimbia kwa saa 2:29:19. Kwenye orodha ya washindi aliandikwa Son Kitei, Japani. Jina lake ni Sohn Kee-chung, mzaliwa wa Sinuiju, kaskazini mwa Korea. Na tazama ujanja wake: Son Kitei si jina jingine. Ni alama zilezile tatu za jina lake, zimesomwa kwa mdomo wa Kijapani. Jukwaani aliinamisha kichwa, akaiziba bendera ya Japani kifuani kwa mche wa mwaloni aliozawadiwa. Huko Seoul gazeti la Dong-a Ilbo likachapisha picha yake bendera ikiwa imefutwa. Waandishi wakakamatwa, gazeti likafungiwa kwa miezi kadhaa. Miaka 52 baadaye, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Seoul 1988, mzee huyo aliingia uwanjani na mwenge akirukaruka kama mtoto aliyeahidiwa nguo za sikukuu. (Ndiyo michezo ileile ambayo Mkenya Douglas Wakiihuri, aliyekuwa akijifua Japani, alichukua fedha ya marathoni. Na ndiyo michezo ambayo taekwondo ilionyeshwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, kabla haijawa ya medali kamili Sydney mwaka 2000.) Mpaka leo, kwenye kumbukumbu za Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, dhahabu ya Sohn inahesabiwa kuwa ya Japani.

Alama zilezile, mdomo tofauti. Hapo ndipo penye kidonda. Chukua hapkido, mchezo mwingine wa Kikorea, wa kukamata, kukunja viungo na kuangusha. Huandikwa kwa alama tatu zilezile za aikido ya Kijapani, 合氣道, na mwasisi wake, Choi Yong-sool, aliishi Japani miaka mingi kabla ya kurudi kwao vita vilipokwisha. Kinachoitofautisha hapkido na aikido kwenye karatasi ni usomaji tu. Ukimwita mfuasi wake "hapkidoka", umemsoma nusu Kikorea nusu Kijapani ndani ya pumzi moja.

Sasa niseme na upande wa pili, maana Wakorea nao wana yao ambayo hawapendi yasemwe mezani. Kumbi za kwanza za mazoezi zilizofunguliwa Seoul miaka ya 1940 zilifunguliwa kwa sehemu kubwa na watu waliojifunza karate Japani. Lee Won Kuk, aliyeanzisha Chung Do Kwan mwaka 1944, alikuwa mwanafunzi wa Funakoshi Gichin, mtu wa visiwa vya Okinawa, kusini mwa Japani, aliyeifikisha karate Tokyo. Walichofundisha kiliitwa tang soo do kwa wengine na kong soo do kwa wengine, na majina yote mawili ni "karate-do" iliyosomwa Kikorea: la kwanza kwa alama za zamani zenye maana ya mkono wa China, la pili kwa alama mpya zenye maana ya mkono mtupu. Hapa ndipo kichekesho kinapokolea. Wajapani wenyewe ndio waliobadili alama hizo miaka ya 1930, wakaitoa China kwenye jina la mchezo wakati nchi zao mbili zikielekea vitani. Kila aliyeupokea mchezo huu alianza kwa kumfuta aliyempa.

Jina taekwondo lilipitishwa Aprili 1955, na anayetajwa zaidi kulipendekeza ni Jenerali Choi Hong Hi. Tae ni kupiga kwa mguu, kwon ni ngumi, do ni njia. Lilipendwa pia kwa sababu linakaribiana kwa sauti na taekkyon, mchezo wa kale wa mateke wa Kikorea ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2011. Hata hivyo halikushinda kirahisi. Mwaka 1961 chama cha taifa kilianza kwa jina taesoodo, jina la kusuluhisha wagomvi, na ni mwaka 1965 tu ndipo kikageuka kuwa cha taekwondo. Miaka kumi ya kubishania neno moja! Baadaye mchezo wenyewe ukapasuka, shirikisho la Choi la mwaka 1966 huku na lile la Seoul la mwaka 1973 kule, wakatofautiana kuanzia sheria za ulingoni hadi mifuatano ya mazoezi. Jina hawakuligusa.

Watu waliotoka jasho kiasi hicho kuling'oa shina la Kijapani kwenye jina lao, sisi tunawarudishia kwa mkiani. Kwamba karate ni babu wa taekwondo ni kweli ya kihistoria na nitaisema popote. Lakini mtoto akishapewa jina, hubaki na jina lake, hata akifanana na babu kwa kila kitu.

Wako wanaosema taekwondoka ni neno la kimataifa, tulichukue tulivyolikuta. Kimataifa ipi? Cheick Sallah Cissé alipoipa Côte d'Ivoire dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Rio 2016, kwa teke la sekunde ya mwisho, wasomaji wa Kifaransa walisoma habari za taekwondoïste, kwa mkia uleule wanaoubandika kwa mpiga piano na mpiga gitaa. Wahispania na Wareno wana taekwondista. Waindonesia wamechukua taekwondoin kama ilivyo. Ufilipino magazeti huandika jin, ambayo ukiitazama sana ni namna Wajapani wanavyoisoma alama ya mtu. Hilo nawaachia wenyewe. Kila mmoja kashona kwa uzi wake. Kiswahili, lugha iliyoipa hata England herufi U ya kuanzia ikawa Uingereza, kinakosaje uzi?

Tuupime basi, tukianza na wa Kikorea wenyewe. Taekwondoin ni neno zuri, lakini Kiswahili hakipendi kulifunga neno kwa konsonanti, kwa hiyo tungeishia kusema "taekwondoini". Papo hapo tuko shuleni, kanisani, sokoni. Tumetaja mahali, hatujamtaja mtu.

Mtaekwondo? Kisarufi halina kosa, na ni fupi. Wingi wake ndio unaoharibu: wataekwondo. Ile "wata-" inaahidi kitenzi ambacho hakiji.

Mcheza taekwondo, au mchezaji, ndilo ninalolisikia zaidi, na ndilo ambalo watu wa mchezo hulinunia. Nilimsikia mwalimu mmoja akimkata mgeni kauli: "Hapa hatuchezi, tunajifunza." Namwelewa. Lakini naona anakihukumu Kiswahili kwa sheria za lugha nyingine, zile zinazotenga mchezo wa mtoto na kazi ya mtu mzima. Kwetu kucheza hakujawahi kuwa upuuzi. Mcheza kwao hutuzwa, na anayetuzwa pale anacheza ngoma. Watu wa pwani wanacheza kirumbizi harusini, fimbo mkononi, ngoma na zumari vikiwasindikiza, na fimbo ile ikikupata utosini hutauliza kama ni mchezo. Hata taekwondo yenyewe ina poomsae, mifuatano ya mapigo na vizuizi anayoifanya mtu peke yake dhidi ya adui asiyeonekana. Mtazame bingwa wa poomsae akizunguka kwa mguu mmoja, mikono ikikata hewa, halafu uniambie huyo hachezi, kwa maana bora kabisa ya neno hilo tuliyonayo.

Shida ya "mcheza" ni nyingine: inataja tendo tu, uhusiano haiutaji. Aliyejaribu wiki mbili anacheza. Mzee aliyemalizia ujana wake ukumbini, magoti yakakataa mateke, hachezi tena. Lakini ukimwambia kwamba yeye si wa taekwondo atakushangaa. Kikorea kina neno la pekee kwa mshindani wa ulingoni, seonsu, na hapo "mchezaji" inaingia bila taabu. Faith Ogallo alipoiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Tokyo alikuwa mchezaji wa taekwondo, sina ubishi. Ni nje ya ulingo ndiko neno hilo linakobana.

Na kuna "mpiganaji", ambalo waandishi wa michezo wanalipenda kwa sababu lina moto. Ningeomba waliache. Kwenye habari zetu, hasa zinazotoka Kivu, mpiganaji ni mtu wa msituni mwenye bunduki. Parfait Hakizimana alikuwa mtoto wa miaka minane huko Burundi mwaka 1996 watu wenye silaha walipoishambulia kambi aliyokuwamo. Mama yake aliuawa, yeye akapigwa risasi iliyomwachia ulemavu wa mkono. Alipokuwa kijana akaingia taekwondo. Machafuko ya 2015 yakampeleka Rwanda, kambi ya Mahama, na humo kambini akaanza kufundisha wakimbizi wenzake, watoto kwa watu wazima. Mwaka 2021 taekwondo ilipoingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza, huko Tokyo, alikuwamo kwenye Timu ya Wakimbizi, akitokea moja kwa moja kambini. Mtu huyu utamwandika "mpiganaji" kwenye kichwa cha habari? Wapiganaji anawajua. Ndio waliomlemaza mkono.

Limebaki mwanataekwondo. Halina ubunifu wa kushangaza, na huo ndio uzuri wake, maana njia imekwisha kukanyagwa: mwanariadha, mwanasoka, mwanamieleka, mwanamasumbwi. Hayo mawili ya mwisho ni ya michezo ya kupigana kabisa, na hakuna anayeyalalamikia. Mwana ni mtoto, na Kiswahili hukuita mwana wa kitu kinapokuwa kimekulea: mwanamaji amelelewa na maji, mwanasheria na sheria. Unaweza kuwa mwana mzuri au mbaya, mpya au uliyechoka, na bado ukabaki mwana. Yule mzee wa magoti mabovu anaingia. Binti wa daladala anaingia.

Nalipenda kwa sababu moja zaidi. Zile kumbi za kwanza za Seoul ziliitwa kwan, na mtu alijitambulisha kwa kwan yake kama anavyojitambulisha mtu kwa ukoo: mimi ni wa Chung Do Kwan, fulani ni wa Moo Duk Kwan. Na ile "ka" ya Kijapani niliyoifukuza kwenye kichwa cha makala, kumbuka alama yake: nyumba. Mwana wa nyumba! Kiambishi chetu kinabeba "mtu" ya Wakorea na "nyumba" ya Wajapani kwa mpigo mmoja, na hatujakopa chochote kwa yeyote.

Wapo watakaosema ni refu. Mwa-na-ta-e-kwo-ndo, silabi sita. Mwanamasumbwi ina tano, na sijawahi kumsikia mtangazaji wa ngumi akiishiwa pumzi kwa sababu yake. (Kama tungesikiliza Wakorea wanavyotamka, tungeandika tekwondo na kuokoa silabi moja. Hiyo ni vita ya siku nyingine.)

Jina la kumwandika mtu gazetini, hata hivyo, silo la kumwita. Hakuna anayesema "mwanasoka, njoo hapa", na Korea nako ukumbini humsikii mtu akiitwa taekwondoin. Mwalimu ni sabeomnim, mwenye ukumbi ni gwanjangnim, na hiyo "nim" ya mwisho ni heshima, kama sisi tunavyotanguliza bwana au ustaadhi. Aliyekutangulia kujiunga ni seonbae, hata kama umemzidi umri kidogo, na unamwinamia. Huku kwetu nimesikia vijana wa taekwondo wakimwita mwalimu wao "sensei", yaani Kijapani kimerudi tena kupitia mlango wa uani. Alama za sensei, 先生, Wakorea huzisoma seonsaeng na kumpa hata mwalimu wa hisabati. Neno letu lipo na lina hadhi ya kutosha. Nchi iliyomwita rais wake Mwalimu haiwezi kuona haya kumwita hivyo anayefundisha mateke.

Kuhusu wanafunzi, wao kwa wao wana hesabu zao. Daraja za chini, zenye mikanda ya rangi mbalimbali, huitwa gup, zinahesabiwa kurudi nyuma kuanzia kumi hadi moja, kisha ndipo dan za mkanda mweusi zinaanza kupanda. Mtoto ambaye hajafika umri hupewa poom badala ya dan mpaka akue. Nguo ni dobok, si kimono. Ukumbi ni dojang, si dojo. Haya ni ya ndani ya nyumba, na wenye nyumba wanayajua.

Wiki mbili baadaye nilimkuta yule binti kituoni, begi lilelile. Akaniamkia, nikaitika. Nikamweleza kwamba nilikuwa kwenye daladala ile siku ile, na kwamba nimekuwa nikiwatafutia jina. Nikamuuliza: ninyi wenyewe mnajiitaje?

Akafikiri kidogo, akacheka.

"Mimi? Mimi njano, baba. Kijani mwezi wa tisa, Mungu akipenda."

Nilitaka kumuuliza kuhusu mwanataekwondo, lakini gari lilikwisha kufika na konda alikuwa akipiga bodi kwa kiganja. "Tandika, Tandika! Karate, panda twende!" Akapanda.